Alama ya Kuuliza ya Erasto Mpemba

Kila ikikaribia tarehe 9 Desemba kuna orodha huanza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Bila shaka umeshaiona. Inaanza na bendera, halafu kichwa cha habari kwa herufi kubwa: vitu ambavyo Tanzania imeipa dunia. Kuna tanzanite, kuna Mlima Kilimanjaro (utadhani tuliujenga sisi), kuna neno safari, uchoraji wa Tingatinga, vinyago vya Wamakonde, Freddie Mercury kwa sababu alizaliwa Unguja, na siku hizi Abdulrazak Gurnah na singeli. Katikati hapo, nafasi ya nne au ya tano, hakosi Erasto Mpemba: Mtanzania aliyegundua kwamba maji ya moto huganda haraka kuliko maji ya baridi.

Nakiri kosa. Orodha mojawapo niliiandika mimi. Ilikuwa kazi ya toleo maalumu la sikukuu ya Uhuru, nilipewa siku moja, na nilifanya wanachofanya waandishi wengi wakipewa siku moja: nilikusanya orodha tatu za wenzangu nikatengeneza ya nne. Mhariri aliniuliza swali moja tu, "Huyu Mpemba ni wa Wete au wa Chake?" Nikamweleza kwamba ni jina tu, jamaa si wa kisiwani. Tukacheka, ukurasa ukaenda mtamboni.

Siku ya pili nikapata ujumbe kutoka kwa mwalimu aliyenifundisha fizikia sekondari, mstaafu sasa. Ujumbe wenyewe haukuwa na pongezi. "Mwanangu, nimeona umemwandika Mpemba. Umeisoma makala yake?" Nikajibu, shikamoo Mwalimu, makala gani? Hakujibu. Jioni akanitumia faili la kurasa nne.

Ninachotaka kusema kuhusu kurasa hizo nne ni hiki: ni mojawapo ya maandishi bora ya nathari yaliyotoka nchini kwetu katika miaka ya 1960, na sisi tunaojiita watu wa fasihi hatujawahi kuyahesabu kuwa fasihi. Tumeyaachia watu wa sayansi. Nao watu wa sayansi wameyageuza jina la jambo, "athari ya Mpemba", basi. Msimulizi amepotea katikati.

Makala yalichapishwa 1969 kwenye jarida la Physics Education la Uingereza. Waandishi ni wawili, E. B. Mpemba na D. G. Osborne. Kichwa chake ni neno moja na alama ya kuuliza: "Cool?" Shikilia hiyo alama, tutairudia. Nusu ya kwanza anasimulia Mpemba kwa nafsi ya kwanza, na nusu ya pili anasimulia Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Wangeweza kuchanganya sauti zao wakaandika "sisi" kama makala za kisayansi zinavyofanya, lakini kila mmoja amebaki na sauti yake. Kwangu huo ndio uamuzi wa kwanza wa kifasihi katika kazi hii, na ndio unaoifanya iishi.

Hebu tuingie ndani. Ni mwaka 1963, Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. (Orodha zinasema Mtanzania. Mwaka 1963 Tanzania ilikuwa haijazaliwa. Alikuwa Mtanganyika, kidato cha tatu.) Wavulana wa shule wana mchezo wao wa kutengeneza aiskrimu. Wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanayaacha yapoe, kisha wanayaweka kwenye friji. Tatizo ni nafasi. Trei ni chache, wavulana ni wengi, kwa hiyo ni kugombania. Siku hiyo Mpemba ananunua maziwa kwa kina mama wa pale na kuanza kuyachemsha. Mwenzake anamwona, anaona atachelewa, anachanganya maziwa yake mabichi na sukari na kukimbilia friji bila kuchemsha. Sasa Mpemba yuko njiapanda. Akisubiri yapoe, trei ya mwisho inaondoka. Akiweka ya moto, anaweza kuharibu friji ya shule. Anaamua kuyaweka hivyohivyo yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu anarudi na kukuta yake yameganda. Ya mwenzake bado ni uji mzito.

Ona jinsi tukio lilivyojengeka. Hakuna mtu anayetafuta ukweli wa maumbile hapa, kuna watoto wawili wanaogombea trei. Kilichosababisha ugunduzi ni uhaba, na pupa, na utundu wa mtoto aliyekubali kuhatarisha mali ya shule kwa ajili ya aiskrimu. Mwandishi wa orodha hawezi kuandika hivi. Kwake mgunduzi ni mtu mzito aliyekaa akatafakari. Mpemba anajieleza alivyokuwa, mvulana wa bweni mwenye haraka, wala hajisafishi. Hata lile la kuhatarisha friji anakiri mwenyewe bila kulipamba.

Kisha anamuuliza mwalimu wake wa fizikia. Mwalimu anamwambia kwamba amechanganya mambo, haiwezekani. Hapa pana sentensi fupi ambayo mimi niliisoma mara tatu: Mpemba anasema kwamba wakati ule aliliamini jibu hilo. Hadithi za mashujaa wa sayansi huwa na kijana anayejua tangu mwanzo kwamba yeye yuko sahihi na dunia imekosea. Huyu wetu hajui. Anaambiwa macho yake yamemdanganya, naye anakubali, anaendelea na masomo. Mtu yeyote aliyesoma sekondari zetu anaijua hali hiyo. Unaona kitu kwa macho yako, mwalimu anasema hukukiona, na kwa kuwa yeye ndiye anayesahihisha mtihani, basi hukukiona.

Kinachomwamsha tena si kitabu. Wakati wa likizo anakutana na rafiki yake anayetengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga. Rafiki anamwambia kama jambo la kawaida kabisa kwamba yeye huweka mchanganyiko ukiwa wa moto ili ugande upesi. Wauzaji wengine wa mjini nao hufanya hivyohivyo.

Naomba tusimame Tanga kidogo, maana orodha zote zinapita hapa bila kushuka. Kwa mujibu wa Mpemba mwenyewe, jambo hili lilikuwa linajulikana. Lilijulikana kwa wauza aiskrimu, watu ambao wakikosea wanapata hasara siku hiyohiyo. Hawakuwa na neno "athari" wala jarida la kuliandikia, walikuwa na wateja. Mpemba angeweza kuwaficha kabisa, nani angejua? Ila amewaweka katikati ya simulizi, tena pale ambapo hadithi inageuka. Kwa hiyo ukiniuliza Tanzania iliipa dunia nini hapa, nitasema: wauza aiskrimu wa Tanga waliijua, mwanafunzi mmoja akaiuliza kwa sauti. Hayo ni mambo mawili tofauti. La pili ni gumu zaidi kuliko linavyoonekana, na kurasa zinazofuata zinaonyesha bei yake.

Mpemba anafaulu, anachaguliwa kwenda Mkwawa High School, Iringa. Shule yenyewe ilikuwa imejengwa kwa ajili ya watoto wa Wazungu, ikiitwa St. Michael's and St. George's. Huko, katika mada ya joto, wanafundishwa kanuni ya Newton ya upoaji. Mpemba ananyoosha mkono. Anasimulia habari ya maziwa. Mwalimu anampa jibu lilelile la Magamba. Safari hii Mpemba anabisha, na mwalimu anapochoka anamwambia, kwa maana, kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo akikosea hesabu, darasa zima linasema hiyo ni hisabati ya Mpemba. Kila anachokosea kinapewa jina lake.

Unaona kejeli ilivyo? Leo wanafizikia wa Kanada, Ujerumani, Japani wanaandika "athari ya Mpemba" kwenye vichwa vya makala zao. Jina lilelile lililoambatishwa kwenye jambo kama tusi darasani Iringa, ndilo lililoambatishwa kama heshima. Mwandishi wa tamthilia angebuni mgeuko huo tungemwambia amezidisha. Na makala yenyewe hayaujui! Mwaka 1969 jina hilo halijaanza kutumika. Mpemba anaandika tusi kama tusi, bila kujua linakwenda wapi. Sisi wasomaji wa leo ndio tunaolisoma kwa masikio mawili.

Kuhusu mtindo, usitarajie mapambo. Kiingereza chake ni cha mwanafunzi, sentensi fupi, kitenzi mbele, mambo yanafuatana kama yalivyotokea. Kuna mahali anaruka muda na unabaki kujiuliza ni muhula gani. Mwishoni anakimbia, ungetamani akae zaidi. Ila anajua jambo ambalo wengi wetu tulioandika kwa miaka kumi na tano hatulijui: anajua wapi pa kuweka maneno ya watu wengine. Walimu, wanafunzi wenzake, rafiki wa Tanga, kila mmoja anasema sentensi moja au mbili na unamwona. Nikimsoma huwa namkumbuka Shaaban Robert wa Maisha Yangu, naye mtu wa Tanga, aliyefariki mwaka mmoja kabla ya yale maziwa ya Magamba. Hawafanani kwa lugha hata kidogo, Shaaban ana dibaji na mawaidha kila kona. Wanafanana katika kutoona haya kujieleza kama mtu aliyedharauliwa ofisini au darasani.

Siku moja mchana anakuta maabara ya biolojia iko wazi na mwalimu hayupo. Anachukua bika mbili ndogo, moja anaijaza maji ya bomba, nyingine ya moto, anaziweka kwenye friza. Baada ya saa moja anakuta barafu imeanza kote, lakini kwenye maji yaliyokuwa ya moto ni nyingi zaidi. Hapigi kelele. Anaona kwamba jaribio halijatosha, anaamua kulirudia nafasi ikipatikana.

Halafu anakuja mgeni, Osborne, kuzungumza na wanafunzi. Wakati wa maswali Mpemba anasimama na kuuliza: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, maji kiasi kilekile, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friza, cha nyuzi 100 ndicho huganda kwanza, kwa nini? Mgeni anatabasamu, anaomba arudie. Anauliza kama ni kweli, kama amelifanya mwenyewe. Ndiyo. Basi mgeni anasema hajui, ila atalijaribu akirudi Dar es Salaam. Na wanafunzi wenzake? Wanamwambia amewaaibisha kwa swali lile.

Mimi nimehudhuria mikutano mingi ya waandishi wa habari. Hilo la mwisho nalifahamu kuliko nafahamu fizikia. Ukiuliza swali ambalo mgeni hakulitarajia, wa kwanza kukukasirikia si mgeni, ni wenzako mliokaa nao mstari mmoja. Ni wao watakaokunong'oneza ukae chini. Sijasoma mahali pengine ambapo tabia hiyo imeandikwa kwa maneno machache hivyo na bila uchungu.

Nusu ya Osborne ni tulivu zaidi, ina vipimo: maji sentimita za ujazo 70 ndani ya bika za 100, zimekaa juu ya karatasi nene ya povu kwenye chumba cha barafu cha friji ya kawaida, wakati mwingine na mafuta kidogo juu ya maji ili kuzuia mvukizo. Nayo ina kichekesho chake. Fundi sanifu wa maabara, Dar es Salaam, alipewa kazi ya kujaribu. Akaja na taarifa kwamba kweli, maji ya moto yameganda kwanza, lakini, akaongeza kwa nia njema kabisa, wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi. Nilicheka peke yangu kwenye daladala. Osborne anakiri pia kwamba yeye mwenyewe alidhani kijana amekosea, na anamalizia kwa kuonya juu ya fizikia inayofundishwa kwa amri ya mkubwa. Miaka miwili kabla, mwaka 1967, Nyerere alikuwa ametoa Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule zijenge akili ya kudadisi. Makala haya ni kama ripoti kutoka darasani: waraka umetoka, mkono umenyooshwa, darasa limecheka.

Sasa turudi kwenye ile alama ya kuuliza.

Orodha zinasema Mpemba "aligundua kwamba maji ya moto huganda haraka kuliko ya baridi". Makala hayasemi hivyo. Yanasema kwamba katika hali fulani imeonekana hivyo, na yanauliza kwa nini. Mwaka huohuo wa 1969 mtafiti wa Kanada, G. S. Kell, aliandika juu ya jambo hilohilo. Na kabla ya wote hao Aristotle, Francis Bacon na Descartes walikuwa wameligusa. Mwaka 2012 Royal Society of Chemistry ya Uingereza ilitangaza shindano la maelezo bora ya jambo hili, zawadi pauni 1,000, na majibu yakazidi 22,000. Alishinda Nikola Bregović wa Zagreb, na bado mjadala haukufungwa. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha majaribio yao na kusema hawaoni ushahidi wa maana kwamba maji ya kawaida hufanya hivyo. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer, kule Kanada, wakaonyesha kwa chembe moja ndogo sana iliyo ndani ya maji kwamba chenye joto zaidi kinaweza kweli kufika kwenye ubaridi mapema kuliko chenye joto kidogo. Siku hizi linatafutwa hata katika fizikia ya kwanta.

Kwa hiyo swali liko hai, jibu ndilo linalogombaniwa. Kwa mtu wa orodha hii ni habari mbaya, maana hana pa kuweka swali. Orodha inataka nomino na bendera. Mimi mwenyewe nilipoandika ile yangu nilifuta alama ya kuuliza bila hata kujua kwamba ilikuwepo, na nadhani ndicho kilichomuudhi Mwalimu. Nilifanya alichofanya mwalimu wa Mkwawa, ila kwa upande wa pili. Yeye alikataa bila kupima, mimi nilishangilia bila kupima.

Kwenye vitu vingine vya orodha hali ni ileile, tofauti ni majina. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza mwaka 1968 kuchora kwa rangi za mafuta kwenye vipande vya ubao laini na kuuza Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 akapigwa risasi na polisi kwa kudhaniwa mhalifu. Miaka minne tu ya kazi. Kwenye orodha anakuwa "mtindo wa Tingatinga", wanyama wenye rangi kali, na kifo chake hakipo. Mwaka 2010 jina lake lilipewa katuni za watoto za televisheni, Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi, na Watanzania tukalalamika mtandaoni kwamba tumeibiwa. Labda. Ila wangapi kati yetu tuliolalamika tungeweza kutaja picha yake moja kwa jina? "Hakuna matata" nayo, ambayo Disney waliisajili kama alama ya biashara, tuliililia mwaka 2018 wakati sisi wenyewe tunasema hamna shida. Na Gurnah alipopata Nobel mwaka 2021, wiki nzima tulibishana kama ni wetu au ni wa Waingereza. Kitabu chake Paradise kilipatikana kwa Kiswahili, kama Peponi, mwaka uliofuata, kwa kazi ya Ida Hadjivayanis na Mkuki na Nyota. Peponi ni kazi nzuri, isome. Nasema tu kwamba ugomvi wa umiliki ulianza kabla ya kusoma.

Kuna kitabu kingine ambacho kimenikaa kichwani muda wote ninapoandika haya. Mwaka uleule wa 1969 ilitoka Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, kijana aliyekuwa hapohapo Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Maandishi mawili, mwaka mmoja, na yote mawili habari yake ni maji. Kwa Hussein maji ni imani: watu wanapewa maji yatakayozuia risasi, wanaungana kwa sababu ya maji, wanakufa kwa sababu ya maji. Kinjeketile mwenyewe anaingiwa na shaka, anataka wasubiri, lakini neno limeshamtoka na halimsikilizi tena. Mwishoni, akitakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, anakataa, kwa sababu akisema hivyo atawanyang'anya watakaokuja baadaye sababu ya kupigana.

Nimefundishwa, kama wengi wetu, kukisoma kitendo hicho kama ushujaa, na bado nakisoma hivyo. Lakini ukiweka Kinjeketile kando ya "Cool?" unaona kwamba fasihi yetu ilishika njia moja ikaacha nyingine. Tamthilia ya Hussein ikawa kitabu cha shule, ikachambuliwa na kila mwanafunzi wa kidato: maudhui, fani, wahusika. Maji ya kuaminiwa tukayapa darasa. Maji ya kupimwa yakabaki kwenye jarida la Uingereza, kwa Kiingereza, na shuleni tukabakiwa na jina tu. Sisemi Hussein alikosea. Yeye aliandika juu ya shaka kwa kina ambacho Mpemba hakukikusudia. Nasema wasomaji wake, sisi, tulichukua ile imani tukaiacha ile shaka, na ndiyo maana leo tunaweza kuandika orodha za fahari bila hata mkono kutetemeka.

Rafiki yangu mmoja mhakiki, niliyemsomea aya hiyo, amenipinga. Anasema naonea orodha. Nchi iliyoambiwa kwa miaka mingi kwamba haijawahi kubuni chochote ina haki ya kujipigia vigelegele mara moja kwa mwaka, na mtoto wa Namtumbo akiona jina la Mpemba kwenye simu ya baba yake anaweza kwenda kumtafuta. Hoja ina uzito. Swali langu ni akienda kumtafuta atamkuta wapi. Atakuta aya tatu za Kiingereza mtandaoni, au faili la kurasa nne alilohifadhi mwalimu mstaafu.

Kwa hiyo nimeanza kuitafsiri nusu ya Mpemba kwa Kiswahili, kwa matumizi yangu kwanza. Ni ngumu kuliko nilivyodhani. Lile jibu la mwalimu wa Magamba, kwa mfano. Kwa Kiingereza ni jepesi, kwamba kijana kakorogeka kidogo. Ukilileta wima linakuwa "umechanganyikiwa", na kwetu aliyechanganyikiwa anapelekwa Mirembe. Nimejaribu "umejichanganya", ambalo vijana wanalitumia, nalo limekaa vizuri zaidi, ila sidhani kama mwalimu wa 1963 angelisema. "Fizikia ya Mpemba" nayo ina utata wake, maana msomaji wa Unguja atadhani ni utani wa Wapemba. Nimeiacha hivyohivyo.

Kichwa ndicho kilichonipa furaha. "Cool?" kwa Kiingereza ni baridi, na ni safi, na ni kupoza, yote kwa pamoja. Nilihangaika siku mbili na "Baridi?" na "Imepoa?" mpaka konda wa daladala aliponisalimia "Mambo?" na mimi nikajibu bila kufikiri. Kiswahili kilikuwa nalo tayari: "Poa?"

Nikamtumia Mwalimu rasimu ya kurasa mbili za mwanzo, na shikamoo. Akakaa nayo wiki. Jibu lake lilikuwa na mistari miwili. Kichwa amekipitisha, ingawa enzi zake ungechapwa kwa neno hilo. Ila kwenye ukurasa wa pili nimeandika kwamba yule mwenzake Mpemba naye alichemsha maziwa yake, na hakuchemsha, nirudi nikasome tena.

Nimerudi kusoma. Ni kweli, hakuchemsha.